Daraja Jipya na Beseni la Mama Tresor

Kijiwe chao pale Namuwongo ni benchi moja tu, kati ya cherehani ya Anselme na birika la kahawa la Maimunah, hatua chache kutoka mtaro mkubwa. Asubuhi hiyo Anselme, fundi nguo wa Bukavu anayeitwa Mita kwa sababu ya futikamba isiyobanduka shingoni, alikuwa amekunjua mapajani mchoro wa daraja la waendao kwa miguu. Ofisi ya mradi ilitaka maoni ya wakazi kabla ya saa sita. Yakichelewa, basi tena. Alilitaka daraja hilo kuliko mtu yeyote. Mwezi uliopita mkewe, Pélagie, aliteleza kwenye magogo wanayovukia, akatumbukia mtaroni na beseni lake la mananasi ya kuuza, na tangu hapo roho ya Anselme haitulii mpaka amwone amerudi.

— Hapa kuna majina mbili, alisema Oryem, sajini mstaafu, mzee wa kofia. Muhandisi na msanifu. Huyu wa pili wa nini? Jeshini tulijenga daraja asubuhi moja, lori ikapita. Hakuna mtu alituchorea maua.

— Afande, hiyo ilikuwa ya haraka, alisema Anselme. Angalia hizi matao. Unazani ni urembo tu? Hizo njo zinabeba sakafu. Toa matao, daraja inaanguka. Ni kama mshono ya bega: inashika gauni yote, na njo inaipa sura.

— Kumbe wanakata kitambaa pamoja, alisema Maimunah, wanayemwita Hajati ingawa Maka ameiona kwenye kalenda tu. Basi waweke na taa, zionekane mpaka msikiti wa Kibuli.

— Maarusi watatoka mpaka kule Bwaise kuja kupiga picha, alisema Anselme.

— Lazima ibebe kifaru, alisema Oryem.

— Kifaru, Afande? Njia ya miguu?

— Kifaru ikipita, Mama Tresor atashindwa na nini?

Mama Tresor mwenyewe, yaani Pélagie, alikuwa amesimama nyuma yao na beseni kichwani. Aliinama kidogo, akanyoosha kidole kwenye chuma kilichounganisha matao mawili.

— Papa Tresor, hii ya juu iko urefu gani?

— Mita mbili. Hata Afande anapita na kofia.

— Na mimi na mananasi?

Maimunah alijishughulisha na vikombe. Anselme aliona haya kweli. Amepima nusu ya Namuwongo, na mke wake hakumpima.

Alivua futikamba, akapanda benchi, akapima kutoka ardhini hadi kwenye majani ya nanasi la juu. Mita mbili na sentimita kumi na saba.

— Wakipandisha hiyo chuma, matao si zitabadilika? aliuliza Oryem, kwa upole sasa.

— Zitabadilika, na hesabu pia. Njo maana majina ni mbili.

Kwenye mchoro alipiga mstari wa chaki juu ya chuma, akaandika kipimo pembeni. Kwa kuwa chaki hufutika, aliuingiza mchoro chini ya sindano, tayari kuushona mstari kwa uzi mwekundu. Oryem alikuwa ameshasimama, tayari kuupeleka ofisini kwa miguu yake.

— Usinibane, alisema Pélagie. Sikukuu beseni inajaa zaidi.

Anselme akaupandisha mstari kidole kimoja, akarekebisha kipimo, ndipo akashona.