Chemchemi ya Kumi na Nane: Maisha ya Bilha Ciru Walubengo, 1981–2026

Wapendwa, poleni kwa safari na poleni kwa jua. Mimi ni Rosaline Muigai wa Kibomet, mdogo wake marehemu. Nimepewa kusoma wasifu huu kwa sababu wengine nyumbani wamelia hadi sauti zikakauka, na yangu bado ipo. Sijalia. Nimeambiwa machozi yatakuja yenyewe. Mlio na programu mtafuata pamoja nami, lakini sehemu ya mwisho hamtaiona humo, maana iliandikwa juzi, karatasi zikiwa zimeshatoka kwa mpiga chapa.

Bilha Ciru alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Julai 1981, Kibomet, Kitale, akiwa kifungua mimba wa Mzee Gathogo Muigai na Mama Mary Ann. Wazazi wetu walikuwa wamehamia Trans-Nzoia kutoka Murang'a miaka saba kabla ya hapo, wakalima mahindi na kuuza maziwa. Alipewa jina la nyanya yetu mzaa baba, kama desturi ilivyo. Baada yake alizaliwa kaka yetu Muigai, kisha mimi.

Nyumbani hakukuwa na saa. Ilikuwapo moja mkononi mwa baba, na baba alikuwa nayo popote alipokuwa. Marehemu alipokuwa na miaka tisa alianza kupima maji kwa wimbo wa kanisani. Tulipotumwa mtoni au bombani, yeye alisimama kando ya mtungi akiimba, na ulipojaa alitangaza, "Bomba la kanisa ni beti tatu. La kwa jirani Gicheru ni beti tano. Kesho twende kanisani." Wimbo ulikuwa uleule na mwendo uleule. Hakuwa na sauti nzuri, Mungu anisamehe kusema hivyo leo, lakini kwa miaka yote ile hakuharakisha ubeti hata mmoja. Mama aliacha kumuuliza mbona mmechelewa, kwa sababu jibu lilikuwa linakuja na hesabu yake.

Alisoma shule ya msingi hapo Kibomet na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1995. Akamaliza kidato cha nne mwaka 1999. Baba aliuza ng'ombe wawili, naye akaenda Eldoret kusomea stashahada ya maji, akahitimu Novemba 2003. Darasani walikuwa wasichana watatu.

Kazi ya maji haikupatikana mara moja. Mwaka 2004 aliajiriwa kwenye duka la pembejeo Naitiri, kuuza mbegu na mbolea. Hapo ndipo Dancan Walubengo, kijana wa Kabuchai aliyekuwa amekodi ekari moja huko kulima mahindi, alifika kununua mbegu. Alirudi baada ya wiki moja kununua mbegu. Akarudi tena. Marehemu alimwambia, "Kaka, ekari moja haiwezi kula mifuko mitatu. Sema shida yako." Walubengo hajawahi kutuambia alijibu nini. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 9 Desemba 2006, na Bilha akaja kuishi hapa tulipo, katika boma la mama mkwe wake, Mama Nasambu. Mungu akawajalia watoto wawili, Nasambu, aliyepewa jina la nyanya yake, na Gathogo.

Mwaka mmoja baada ya harusi ilikuja Januari 2008, na vurugu za baada ya uchaguzi. Siku zile hazihitaji kuelezwa hapa. Mnazijua, na sisi tunazijua. Bilha alikuwa mgeni katika kijiji hiki na jina lake lilijulikana limetoka kabila gani. Mama Nasambu alimwambia asitoke nje ya uzio. Kwa wiki tatu yeye mwenyewe aliteremka chemchemini asubuhi na jioni, akapanda na mtungi kichwani, akaweka maji mlangoni kwa mkaza mwana wake. Kila mtu hapa anajua kwamba maji hufuata njia nyingine; mke wa kijana ndiye humchotea mama. Walioona walisema. Mama Nasambu aliendelea kuchota. Marehemu alinisimulia jambo hilo mara nyingi sana na kila mara alianza kana kwamba sijawahi kulisikia.

Kuanzia 2013 alifanya kazi na miradi ya maji ya jamii, akitengeneza pampu na kufundisha vikundi vya akina mama. Mwezi wa Agosti 2022 wananchi walimchagua kuwa katibu wa kamati ya wadi ya kupanga mambo ya tabianchi. Wengi wenu mlikuwa kwenye ile mikutano. Mlikaa uwanjani siku tatu mkataja kinachowaumiza: mvua zisizokuja kwa wakati, mafuriko yanayobeba miwa, chemchemi zinazokauka. Yeye aliandika. Katika mpango uliotoka, wadi hii iliorodhesha chemchemi kumi na nane za kulindwa. Zijengewe, zipandwe miti ya asili, na mikaratusi, ambayo sote tunaiita blugamu, ikatwe ndani ya hatua thelathini kutoka chemchemini kwa kuwa inakunywa kuliko watu.

Kupanga watu wengi wanaweza. Marehemu alikuwa mtu wa kurudi kuangalia. Ilikuwa kazi yake kuandika kila mwaka mbele ya kila chemchemi neno moja kati ya matatu: haijaanza, inaendelea, imekamilika. Alifanya hivyo kwa njia yake. Alibeba mtungi wa manjano wa lita ishirini nyuma ya pikipiki, akauweka chini ya bomba, akabonyeza saa ya simu, akasubiri ujae. Dakika ndizo zilizoandika neno: zikiwa chache, imekamilika. Mkandarasi mmoja alimletea picha ya maji yakimwagika vizuri, Bilha akamwuliza, "Hii ni ya mwezi gani?"

"Mei, madam."

"Mei hata paa la nyumba yangu ni chemchemi. Tutaonana Februari."

Na Februari, wakati wa kiangazi, alienda. Bwana Mukhwana, mwenyekiti wa kamati, ambaye yuko nasi hapa, alituambia kwamba walikuwa wakimwona anakuja na ule mtungi wanajua mchana umekwisha. Alisema hivyo akicheka, kisha akaacha kucheka.

Mwezi wa Septemba mwaka jana Bilha alianza kuumwa tumbo. Alidhani ni vidonda. Oktoba tarehe 20 tuliambiwa ni saratani ya kongosho. Alitibiwa Kitale, akapelekwa Eldoret, akarudishwa Kitale, akawa anakaa kwangu Kibomet ili awe karibu na hospitali. Madaktari na wauguzi walimtunza na tunawashukuru. Alilala Jumatano, tarehe 11 Februari 2026, saa nne asubuhi. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Mimi nilikuwa nimeenda jikoni kumletea uji. Uji ule niliumwaga, nikaosha kikombe, nikakirudisha mahali pake. Nakumbuka hayo tu.

Programu inaishia hapo. Sasa niwasomee ya juzi.

Mwezi wa Januari, akiwa kitandani kwangu, marehemu alisema, "Rosa, kuna moja sikupima."

"Moja gani?"

"Ile ya nyumbani kwangu. Ya Mama Nasambu. Niliandika tu dakika tatu, imekamilika. Mwaka wa kwanza hivyo, wa pili nikanakili."

Nilimwuliza kwa nini, yeye aliyewasumbua wakandarasi wa watu. Akajibu, "Ningewekaje saa kwa maji ya yule mama? Niende na simu, nisimame pale nimpimie, kama mtu anayemdai? Yale maji yalinilinda. Nikaona aibu, nikaandika."

Halafu akasema kilichomnyima usingizi. Tarehe 3 Machi, Jumanne ya wiki baada ya hii inayokuja, kamati inafunga orodha ili mpango mpya wa miaka mitano uandikwe. Chemchemi iliyoandikwa imekamilika inatoka. Hairudi kutazamwa hadi mpango huo uishe. Kwa mkono wake alikuwa ameitoa chemchemi ya mama mkwe wake kwa miaka mitano, kwa heshima. "Pimeni," akaniambia. "Muandike vile iko."

Nilimwahidi. Nilidhani tungekwenda naye.

Siku ya Alhamisi, tarehe 19, saa sita mchana, nilichukua mtungi wake nikateremka. Sikuhitaji kuuliza njia, kwa sababu laini ya mitungi ilianzia kwenye ukuta wa chemchemi ikafika kwenye migomba. Ilikuwa mitungi ya matanga haya. Ukuta umejengwa vizuri, saruji haina ufa, bomba ni jipya. Juu yake, hatua chache tu, zimesimama blugamu kumi na moja za Walubengo, alizopanda ili zimsomeshe Nasambu. Bilha alimwomba azikate kwa miaka mitatu, naye alikuwa akisema ngoja mtoto amalize chuo. Simlaumu. Dada yangu naye aliandika dakika tatu.

Mama Nasambu alinikuta nimesimama pale na mtungi na simu, nimeshindwa kubonyeza. Nikamweleza yote. Niliogopa angeona tumemfedhehesha katika matanga ya mkaza mwana wake. Akanitazama.

"Kwani aliogopa mimi?"

"Alikuheshimu, mama."

"Heshima gani ya kuficha? Si mimi ndio nachota hapa kila siku? Mimi najua hii maji imeisha. Nilikuwa nangoja yeye aniulize, naye alikuwa anangoja nisione." Akaondoa mtungi uliokuwa bombani, akaweka ule wa manjano. "Pima. Na siku ya Jumamosi usome, watu wote wasikie. Watu hawa wote wamekunywa maji yangu, sasa unaficha nani?"

Nikabonyeza. Wanawake waliokuwa kwenye laini walisogea kuona. Walubengo alikuja akasimama nyuma yetu. Sikuimba wimbo wake. Nilijaribu kuukumbuka na sikuupata hata mstari mmoja. Nilitazama namba zikienda kwenye simu. Dakika ya kumi mtungi haukuwa umefika nusu. Dakika ya ishirini Mama Nasambu aliketi kwenye jiwe. Mtungi ulijaa dakika ya ishirini na sita.

Walubengo alipanda juu kwenye blugamu zake. Jana asubuhi tulisikia msumeno. Kuni zinazopika chakula mtakachokula leo ni za blugamu ya kwanza. Ni mbichi, ndiyo sababu moshi unawaingia machoni, mtuwie radhi. Amesema hizo kumi zilizobaki zitafuata, na Nasambu atamaliza chuo kwa njia nyingine. Kukata peke yake hakutoshi. Inatakiwa miti ya asili, na inatakiwa mtu wa kurudi kila Februari.

Kwa hiyo, Bwana Mukhwana, kwa niaba ya marehemu, na kwa ruhusa ya Mama Nasambu, ninaomba hivi mbele ya watu wote. Kwenye orodha ya wadi, chemchemi namba kumi na nane imeandikwa dakika tatu, imekamilika. Si kweli. Ni dakika ishirini na sita, tarehe 19 Februari 2026. Aliyeandika alikosea, alijua amekosea, na aliomba isahihishwe. Tafadhali iandikwe inaendelea, kabla ya tarehe 3. Mtungi wake tutaukabidhi kwa kamati wapishi wakimaliza nao.

Bilha ameacha mume, Dancan Walubengo, watoto, Nasambu na Gathogo, mama mzazi, Mary Ann, aliyeketi hapa mbele, mama mkwe, Mama Nasambu, aliyemshika mkono, kaka, Muigai, na mimi. Baba yetu, Mzee Gathogo, alitangulia mwaka 2015. Bwana alitoa, Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe.

Dada, ya kumi na nane tumepima. Mtungi haukujaa haraka, lakini tulingoja hadi ukajaa, vile ulitufundisha. Sasa pumzika kwa amani.