Rozalia wa Ukurasa wa Mapishi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka arobaini na moja katika gazeti letu hapa Kartuzy, Bi Rozalia Mielewczyk ataondoa miwani yake mezani na kwenda zake nyumbani kando ya ziwa. Mwandishi huyu wa riwaya nne na hadithi tele, zote kwa Kikashubi, lugha yetu ya huku kaskazini mwa Polandi, anastaafu palepale alipojipatia jina: kwenye ukurasa wa mapishi. Wageni huuliza ilikuwaje. Sisi hucheka kwanza.

Alipoajiriwa aliandika habari za mavuno na mikutano, kwa Kipolandi. Siku hizo Kikashubi kilihesabiwa lugha ya zizini. Mama yake, Marta, alichapwa shuleni kwa kukisema, akaapa kwamba mwanawe hatakisikia kinywani mwake. Rozalia alikiokota kwa shangazi zake, wakimenya viazi. Kilichomuuma ni kimoja tu: mama yake mzazi hakuwahi kumsemesha kwa lugha hiyo.

Basi akaandika hadithi ya mwanamke anayevuna viazi peke yake, mumewe yuko vitani. Akaiita "Białka", yaani "mwanamke" kwa lugha yetu. Mpangaji kurasa, mgeni kutoka Warszawa, alisoma kichwa tu. Kwa Kipolandi neno hilohilo ni ute wa mayai. Akaipachika alipoona panaifaa, kati ya samaki wa siki na keki ya karoti.

Simu ya kwanza ilitoka kwa Bi Stenka wa duka la mikate. "Wewe mtoto! Mayai nimevunja, ute nimetenga, nangoja uniambie niupige vipi, wewe wanipeleka shambani kwa watu! Haya, mumewe alirudi?"

Wanawake wasiowahi kuugusa ukurasa wa fasihi walikuwa wameisoma yote. Miongoni mwao alikuwemo Marta, aliyenunua gazeti kwa ajili ya keki. Jumapili ile Rozalia alikwenda kwa mama yake. Mama aliondoa sahani kwanza, kisha akasema, kwa Kikashubi: "Mstari wa tatu umeharibu. Jembe la viazi hatuliiti hivyo. Nani kakufundisha, shangazi yako yule domo kaya?" Rozalia alilia mpaka keki ikamshinda. Tangu hapo, kila Jumatatu, Marta alipiga simu ofisini kumsahihisha.

Mhariri wetu, Bwana Bronk, alitaka kumhamishia ukurasa wa fasihi kwa heshima. Rozalia akakataa. "Huko watanisifu," alisema. "Huku watanisoma." Bwana Bronk akamtolea pembe ya ugoro, kama wanaume wetu wafanyavyo wakiishiwa na hoja. Rozalia akanusa, akapiga chafya, akabaki palepale.

Nimefanya naye kazi muda mrefu na bado namstaajabia. Nimemwona akizuia gazeti zima lisiende mtamboni kwa sababu ya nukta mbili zilizokosekana juu ya herufi moja. Nimeona mabibi sokoni wakisomeana hadithi zake kwa sauti, stroberi zao zikijaa nzi, wala hawana habari. Na leo watoto wanafundishwa kwa hadithi hizo katika shule ileile alikochapwa Marta. Nikiliwaza hilo, mwili hunisisimka.

Marta alipofariki, Bi Rozalia alirudi kazini Jumatatu akakaa akiitazama simu. Karibu na saa ya chakula ikalia. Alikuwa Bi Stenka, sauti yake ikisikika chumba kizima: "Mwanangu, mstari wa kwanza umekosea."

Hakuwa amekosea, na sote tulijua. Bi Rozalia alichukua kalamu, akauliza, "Tunasemaje, mama?"

Ahsante, Bi Rozalia, kwa kazi na kwa ukali wako. Tunakutakia afya njema, ziwa tulivu na wajukuu wasiochoka kusikiliza. Ukurasa wa mapishi tumeurithi sisi, na makosa hayatakosekana. Jumatatu tutakaa karibu na simu.