Bi Kalathoumi na Chaza wa Vikapu Vitatu

Tarehe 31 Machi 1978 Bi Kalathoumi Mouzaoir anastaafu, baada ya miaka ishirini na tisa katika Ofisi ya Maji ya Pwani. Kamati ya hafla imenichagua mimi kuandika wasifu wake, kwa kuwa nimefanya naye kazi miaka kumi na minne. Haikuniuliza kama napenda. Ningependa zaidi kuandikiwa wangu.

Bi Kalathoumi ni mzaliwa wa Mirontsy. Mwaka 1949 aliajiriwa katika kituo chetu cha Mutsamudu, kisiwani kwao, kuosha chupa za kupimia maji. Chupa zake zilitakata hata mkuu wetu Mfaransa alikuwa akiziinua juani na kutabasamu peke yake. Mimi nilikuja hapo mwaka 1964 na cheti cha maabara kutoka Tananarive, matunda ya miaka mitatu ya kusoma, na mkuu yule hakuwahi kuinua kitu changu chochote juani.

Maji ya bahari yakipwa, Bi Kalathoumi alikuwa akifuatana na wanawake wenzake kuvunja chaza kwenye mawe karibu na mdomo wa mto wa Mutsamudu. Wenzake walitazama kitoweo. Yeye alitazama namna chaza wanavyofunga. Aliona kwamba mvua kubwa ikinyesha na mto ukaichujua chumvi ya bahari, chaza hujifungia siku nzima na zaidi. Chaza mwenye afya ukimgusa hufunga papo hapo. Aliyedhoofishwa na uchafu hufunga kwa uvivu, na aliyekufa hubaki kinywa wazi. Basi akaanza kuwapima kwa tasbihi. Humgusa chaza kwa kijiti, kisha husema Subhanallah punje kwa punje mpaka ganda lifunge. Mzima hafikishi punje ya pili.

Hayo yote aliyaandika kwenye madaftari kwa herufi za Kiarabu, kwa lugha ya kwao. Mkuu hakuweza kuyasoma, akaniagiza niyatie katika Kifaransa. Niliyatia, jina langu likiwa juu ya kila ukurasa. Hakuna aliyeniuliza yalikotoka, nami si mtu wa kusema nisiloulizwa.

Uhuru wa visiwa vyetu ulipopatikana Julai 1975, mafundi Wafaransa waliondoka kabla ya mwaka kwisha. Dawa za kupimia zikaisha, mashine moja moja zikafa. Mimi, niliyekwisha hamishiwa Moroni, nilibaki na darubini isiyo na taa na cheti changu ukutani, nikawaambia wakubwa kwamba kazi haiwezekani tena. Bi Kalathoumi akawaambia inawezekana, apewe vikapu tu. Wakampa. Wakampa na cheo cha mpimaji, sawasawa na changu. Mwosha chupa!

Nakiri pia kwamba aliniita mwanangu mbele ya wageni, nami nina mvi. Hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi.

Mwanzoni mwa mwaka 1977 wakaja ndugu zetu waliofukuzwa Mahajanga, ng'ambo ya bahari, wengi wao wakiwa na nguo za mwilini tu. Hapa Moroni familia arobaini zilipewa mahali pwani, upande wa kaskazini wa ofisi yetu. Kufika Machi watu wakaanza kulalamika kwamba chaza wanakufa mawe kwa mawe, na wanaooga baharini wanawashwa ngozi. Wa mjini wakawanyooshea vidole wageni. Kamati ya mtaa ikataka kuwahamishia juu kwenye mawe meusi ya volkano, mbali na maji ya kunywa na mbali na vibarua vya bandarini. Kabla ya kuamua, ikaomba maoni ya ofisi yetu.

Wakati huo nafasi ya mkuu wa maabara ilikuwa wazi, nami nilikuwa naitamani mpaka najiona nimeikalia. Nikaandika ripoti alasiri moja, bila kulowesha hata unyayo. Nilisema uchafu ni wa wageni na wahamishwe, nikaipeleka kwa jina la ofisi.

Kamati haijakaa bado, Bi Kalathoumi akasikia habari, akaja kwa jahazi kutoka Mutsamudu. Alikuwa ametapika njia nzima, na mkononi ameshika magunia mabichi yaliyojaa chaza wa kwao. Nilidhani ataanza kazi siku hiyo hiyo. Wapi! Aliwaweka chaza siku tano kwenye maji safi ya Itsandra, nje kidogo ya mji, wapumzike, akisema chaza aliyechoka na safari hutoa ushahidi wa uongo. Kisha akatundika vikapu vitatu. Kimoja alikiweka kwa wageni, kimoja gatini Badjanani, katikati ya mji, na cha tatu chini ya ofisi yetu.

Siku ya nne, wale wa kikapu cha tatu walikuwa wamekwisha kulegea. Akapanda nyuma ya maabara kutafuta sababu, akanikuta mimi na ndoo.

Inafaa nieleze. Sisi wa Ngazidja, kisiwa hiki cha Moroni, hatuna mito. Jiwe letu limejaa nyufa, na chochote ukikimwaga ardhini hakionekani tena, kwa hiyo tumezoea kusema kimepotea. Nyuma ya maabara kuna ufa, na humo nilikuwa nikimwaga mafuta machafu ya jenereta kila wiki mbili, tangu fundi Mfaransa alipoondoka na kuniachia kazi hiyo. Bi Kalathoumi aliniuliza yanakwenda wapi. Nilimjibu yanapotea. Akaniambia, mwanangu, twende tukaone. Tulishuka mpaka pale maji baridi yanapochipuka kwenye mawe bahari ikipwa. Juu ya maji palikuwa na utando wa mafuta unaong'aa rangi rangi, hata mtoto angeuona.

Siku ya nane kamati ilisimama kwenye mawe, suruali zimekunjwa, ikihesabu naye kwa sauti. Chaza wa kwa wageni walifunga kabla ya punje ya pili, tena walikuwa wamenona. Alieleza kwamba taka za watu huwanenepesha chaza lakini haziwaui; wasiliwe tu, na vyoo vichimbwe mbali zaidi. Wa Badjanani walifika punje ya nne. Wa chini ya ofisi walifika kumi na moja, na nusu yao hawakufunga kabisa. Akasema ni mafuta ya jenereta ya ofisi, na ufa umekwisha zibwa. Mkono wa nani uliyamwaga, hakusema.

Familia arobaini zikabaki. Zaitoun, mama mmoja wa kwa wageni, alimsukia Bi Kalathoumi mkeka. Watu walimpigia makofi, nami nilipiga mpaka viganja vikauma, kila kofi nikitamani lingekuwa langu.

Mwaka huo huo makaratasi ya ofisi yalichomwa kwa amri ya serikali, na ripoti yangu ikaenda na moshi. Nilifurahi, siwafichi. Baadaye nilipewa ukuu wa maabara. Aliyejua kwamba mafuta niliyamwaga mimi ni yeye peke yake, na neno moja lake lingenikosesha. Alikuja kunipongeza na sahani ya vitumbua. Vyeo vyake, makofi yake, hata mkeka ule, vyote nimevionea kijicho. Lakini hakuna nilichokionea kijicho kama kifua hicho cha kuhifadhi aibu ya mtu. Mimi nisingeweza.

Siku ya hafla patakuwa na chai na mihogo tu, maana serikali imekataza sherehe kubwa. Majirani zetu wa zile familia arobaini wamealikwa, na wasifu huu utasomwa kwa sauti mbele yao.

Bi Kalathoumi, ofisi nzima inakushukuru na kukuombea afya na umri mrefu. Ripoti iliyotaka kuwahamisha watu hawa niliiandika mimi, na mafuta niliyamwaga mimi. Sasa wamesikia wote. Nenda nyumbani Mirontsy ukapumzike, mama. Huna tena siri yangu ya kunitunzia.

Inzoudine Saandi
Mkuu wa maabara, Moroni