Historia ya Jovinary Rutashobya, Ambaye Hakuwa Mwizi

Ndugu waombolezaji, majirani wa Mkolani, na ninyi wanakikundi wa mwaloni, mimi Leonsia, dada wa marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya mdogo wangu kabla mwili haujaanza safari ya Kagera, na naomba mnisikilize mpaka mwisho, hata pale patakapouma.

Jovinary alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 huko Muleba, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Rutashobya na mama Dorotea, akasoma huko huko hadi kidato cha nne mwaka 2006, kisha akaja Mwanza kujifunza ufundi wa umeme, akahitimu mwaka 2009, na hakuna redio ya nyumbani iliyosalimika mikononi mwake, alizifungua zote, nyingine mpaka leo hazijaongea.

Alianza kutengeneza simu pale stendi ya Buzuruga, akafunga ndoa na Hellen, binti wa mzee Pius Chenge, tarehe 6 Septemba 2014, wakajaliwa Bernadeta mwaka 2015 na Paulo mwaka 2019.

Mwaka 2022, wizi wa injini za mitumbwi ulipozidi, kikundi cha wavuvi wa mwaloni, pale ufukweni inapolala mitumbwi, chini ya mwenyekiti Luhaga kilimpa kazi ya kufunga kwenye kila injini kifaa kidogo cha kutosha kiganjani, kinachotumia MQTT, njia nyepesi ya kupelekeana ujumbe isiyomaliza chaji wala bando, kifaa kikituma habari fupi kwa seva, seva ikazigawa kwa simu za wanachama wote, na kila kinapowashwa kinaiachia seva maneno ya kutangaza endapo kitakatika ghafla bila kuaga, kama pale mwizi anapokata waya. Jovinary aliweka maneno "Kifaa kimekatika", kwa sababu kifaa hakijui zaidi ya hapo, hakijui kama ni mtu, wimbi au waya uliooza.

Februari mwaka huu wakamwita kikaoni, Luhaga akamwambia kwamba kwa maneno laini namna hiyo hakuna atakayeacha ugali wake, aandike mwizi, Jovinary akakataa, akaja kwangu akilalamika kwamba wanataka mashine iseme isichokijua, lakini walipotishia kumtafuta fundi mwingine alikubali, na tangu siku hiyo kifaa kikikatika simu zote zilisoma, "Mwizi! Wahi mwaloni!"

Hapa ndipo husomwa habari za ugonjwa. Jovinary hakuugua.

Jumanne tarehe 7 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akikagua kifaa kwenye mtumbwi wa Luhaga, aliona petroli inavuja na waya wa betri unatoa cheche, hakupata nafasi ya kukizima kifaa kwa utaratibu ili kiage, akaung'oa waya kwa mkono, mtumbwi ukapona, na simu za mwalo mzima zikalia. Walikuja na makasia, nondo na mawe, wengi wao wageni wa visiwani wasiomjua, wakamkuta ameshika waya, akasema yeye ni fundi, kasia la kwanza likamvunja taya na hakusema tena. Walimvunja mikono yote miwili, wakamkanyaga kifua, wakammwagia petroli, na angechomwa moto kama si Selina, muuza dagaa, kumlalia kwa mwili wake akipiga kelele kwamba huyu ni fundi wetu. Luhaga alipiga kwanza, uso akautazama baadaye. Jovinary alifariki hospitalini saa tisa alasiri.

Kabla hatujampigia mama Dorotea, mtu alishamtumia picha, na maneno kwamba mwizi wa injini ameuawa Mwanza, na mama yetu hajalia mpaka leo, amejifungia ndani, anaona aibu kupokea pole.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani mliolala hapa na Hellen, mafundi wenzake wa Buzuruga, na Selina, ambaye hakuogopa moto.

Kikundi cha wavuvi kimeomba kubeba jeneza, familia imekaa, jibu ni hapana, mikono iliyompiga haitambeba, watambeba mafundi wenzake. Tunachowaomba ninyi wanakikundi ni mwende Muleba, mkasimame mbele ya mama yake, mkamwambie kwa vinywa vyenu kwamba mwanawe hakuwa mwizi na kwamba ninyi ndio mliomuua. Basi la Kosta la kwenda Muleba liko nje, mlango uko wazi, na mpaka naanza kusoma alikuwa amepanda Luhaga peke yake.

Pumzika kwa amani, Jovinary, mdogo wangu, sisi tunaenda kumwambia mama.