Mwalimu Hiram Khisa na Neno la Kambo

Ndugu waombolezaji, Mwalimu Hiram Khisa Wabwile alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958 hapa Kabuchai, mtoto wa tatu wa wakulima wa miwa, akasoma hapa hapa nyumbani, akahitimu ualimu mwaka 1981, akafundisha Kiingereza Kitale hadi alipostaafu mwaka 2018, na waliopita mikononi mwake wanajua kwamba hakukupa neno bila kukueleza maana yake, linavyotumika na lilikotoka, hata kama kengele ya chakula imeshalia.

Tarehe 7 Agosti 1993 alifunga ndoa na Rosaline Nyaruai, mjane wa mtaa wa Tuwan, Kitale, aliyekuja na binti wa miaka sita, Wangu, na kwa kuwa Mungu hakuwajalia mtoto mwingine, huyo ndiye ambaye Mwalimu alimbeba mabegani siku za matope na kumsomesha hadi chuo kikuu.

Hapa familia inainamisha uso, lakini Wangu mwenyewe ameomba yasomwe, mbele ya wale wale walioyaona. Tarehe 12 Desemba 2015, siku ya ruracio, sherehe ya mahari ya Wangu, wakwe walipoleta mahari, ami zake Wangu, ndugu za marehemu baba yake mzazi, walikataa ipokelewe na Mwalimu, mmoja akasema kwa sauti, "Huyu si ni stepfather tu, bana, akae na wageni," na binti alipoitwa aonyeshe baba yake, akampita Mwalimu macho chini, akaenda kusimama kando ya ami yake. Mwalimu aliinuka, akachukua birika, akawanawisha wakwe mikono kama kijana wa jikoni, na waliomjua walitamani ardhi ipasuke iwameze. Wangu aliona yote, akabaki kando ya ami yake.

Kwa miaka mingi baada ya hapo alikuja nyumbani na mkate, sukari na mdomo mzito. Mwalimu alipougua figo mwaka 2024, akalazwa Bungoma, ndipo binti alipopiga magoti akaomba msamaha, naye, mwalimu hata kitandani, akamfundisha neno lile lile la stepfather, baba wa kambo, kwamba "step" kwa Waingereza wa kale ilihusu kufiwa, ikasemwa kwanza juu ya mtoto aliyepoteza mzazi, na baadaye tu ikamfuata aliyekuja kumlea. "Sasa hapo aibu ni gani, mama?" alimwuliza. "Wewe ulifiwa, mimi nikaja. Basi." Kusamehewa upesi hivyo kulimuumiza Wangu kuliko kiboko.

Mwalimu alituaga Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025. Ukoo ulikuwa umemchagua mpwa wake amwage udongo wa kwanza kama mtoto wa marehemu, Wangu akasimama mbele ya wazee, akalia, akasema hastahili ila anaomba, na wazee wamekubali, ingawa mmoja amenung'unika, na ana haki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Tuwan waliokesha nasi, walimu wenzake, na ami zake Wangu, ambao wamefika na wameketi nyuma kwa hiari yao.

Wangu hajaomba tumwite binti wala binti wa kambo, ameomba tu atangulie kumwaga udongo kaburini, ili Mwalimu asishuke bila mtu wa kumwita baba mbele za watu. Lala salama, baba yake Wangu.