Dkt. Chelimo Kiprugut: Alipima Nyota, Hakupiga Ramli

Marehemu Dkt. Chelimo Kiprugut alizaliwa tarehe 9 Mei 1985 hapa Rongai, kitinda mimba wa marehemu Mzee Kiprugut na Mama Chepchirchir. Leo tunamzika bila kumpitisha kanisani. Sababu nitaisema, maana imenikaa kooni.

Alisoma shule ya msingi hapa Rongai na sekondari Nakuru mjini, akapata shahada ya uzamifu mwaka wa 2016. Kazi yake ilikuwa nyota ndogo, hafifu, zilizo jirani na jua letu, zinazozungukana mbili mbili au tatu tatu. Wala hakukesha nje. Alifanya kazi mchana, nyumbani kwake Milimani, akichambua kwa kompyuta vipimo vya darubini za ng'ambo. Mama alimuuliza anajuaje kuna nyota ya pili na haioni.

“Mama, si ukifunga mbuzi wawili kamba moja, hata mmoja akiwa nyuma ya kichaka, huyu mwingine akivutwa-vutwa unajua tu ako na mwenzake?”

Mama alicheka mpaka chai ikamwagika.

Aliolewa na Jerry Owino tarehe 6 Desemba 2014, wakajaliwa binti, Shantel.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2024. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, kompyuta ikiwa mapajani, hadi alipofariki tarehe 11 Oktoba 2025.

Mimi Jerop, dada yake, ndiye niliyeandika tangazo la kifo, nikamwita “mnajimu”. Nilitoa neno hilo kwenye kamusi, nikaona lina heshima, nikasahau kwamba mpiga ramli naye huitwa hivyo. Mzee wa kanisa letu, Elphas, alilisoma akasema, “Mtu wa kusoma nyota hapiti madhabahuni kwetu.”

Mzee Elphas, nakuona hapo mstari wa pili. Mwaka wa 2022 ulikuja Milimani umevuta kofia hadi machoni, ukamuuliza kama nyota yako itakupa kiti cha wadi. Alikujibu, “Mzee, mimi napima uzito wa nyota, sipimi kura.” Akakupa chai, na hakukutangaza popote. Mimi nilikuwa jikoni, nilisikia yote. Nimekukasirikia, na nimejikasirikia mimi mwenyewe kwa lile neno.

Ameacha Mama, mumewe Jerry, binti yao Shantel, na mimi.

Apumzike kwa amani akiitwa mwanaastronomia. Na mkituona tukiyumba hapa kaburini, msitushike. Ni yeye bado anavuta kamba.