Katikati ya Daraja: Risala ya Wauza Mikate kwa Mkurugenzi wa Barabara

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Barabara, pamoja nanyi nyote mlioketi chini ya turubai hili:

KARIBU
Sisi wauza mikate kwa baiskeli tunakukaribisha kufungua mstari huu mweupe uliochorwa pembeni mwa barabara kwa ajili yetu. Leo tumefika tukikokota baiskeli kwa miguu, maana magari ya msafara wako yameegeshwa juu yake. Hatulalamiki. Tumeshazoea.

TULIKOTOKA
Chama hiki kilianzishwa na marehemu mwenyekiti wetu, tuliyemwita Kengele kwa sababu hakujua kunyamaza. Ndiye aliyetufundisha kuvuka daraja letu jembamba: geuka uangalie nyuma, piga kengele, shika katikati, vuka, kisha rudi pembeni na umnyooshee mkono dereva aliyekusubiri. "Ukibana pembeni pale darajani," alikuwa akituambia, "dereva anaona nafasi. Na nafasi yenyewe haipo." Madereva walitutukana mpaka wakachoka, lakini tulivuka na tulifika.

MAFANIKIO
Mwaka jana maofisa wako walituletea semina na vizibao vya kung'aa. Tulifundishwa kwamba mahali pa baiskeli ni pembeni, darajani na popote pale, na kwamba kushika katikati ni kiburi. Kengele alibisha mpaka akaambiwa atoke nje. Mwishowe, kwa kuwa hakutaka wenzake wanyimwe vizibao, alikubali kwa niaba yetu sote. Tunajivunia kukuarifu kwamba alitimiza ahadi.

CHANGAMOTO
Asubuhi iliyofuata alibana pembeni, akikaribia kuusugua ukuta wa daraja, kizibao kikimeta. Lori likaona nafasi. Mikate ikatapakaa barabarani, na wapo waliookota.

Taarifa ya ofisi yako ilisema mwendesha baiskeli hakuwa makini. Mgeni rasmi, maneno hayo yametuuma sana. Mtu amekufa kwa kuwatii ninyi, nanyi mkamwita mzembe.

Halafu huu mstari wenu. Ni mzuri, rangi yake inapendeza. Lakini umekomea kabla ya daraja.

MAOMBI
Vizibao tunavyo, asante. Tunaomba alama darajani ya kuwaambia madereva wasubiri nyuma ya baiskeli. Tunaomba pia ile taarifa isahihishwe, watoto wa Kengele wasije wakakua wakiamini baba yao alijiua kwa uzembe.

Anayekusomea risala hii ni mke wake. Baiskeli iliyoegemea nguzo ile, yenye rimu iliyonyooshwa kwa nyundo, ndiyo anayobebea mikate sasa. Kesho alfajiri atavuka daraja, na atashika katikati. Dereva wako akimkuta mbele, mwambie asipige honi. Asubiri tu. Atanyooshewa mkono.

Mungu akurudishe salama kwa watoto wako, mgeni rasmi, na sisi atujalie hivyo hivyo.

Ni sisi,
Chama cha Wauza Mikate kwa Baiskeli